Miezi ya Kwanza ya Shimesikio

SAFU YA AFYA NA JAMII
Na Zainabu Mhando

Katika hospitali nyingi na kambi za uchunguzi za Afrika Mashariki, kukabidhiwa shimesikio, yaani kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachovaliwa sikioni ili kumkuzia sauti mtu aliyepungukiwa na usikivu, huchukuliwa kuwa ndio mwisho wa tiba: kipimo kimefanyika, kifaa kimewekwa, jina limeandikwa kwenye rejesta, na mgonjwa amerudi nyumbani. Ukweli ni kwamba tiba huanza siku hiyo, na vifaa vingi vinavyoishia kwenye droo za makabati haviishii humo kwa ubovu wake wala kwa ukaidi wa wazee, bali kwa sababu hakuna aliyemweleza mvaaji jinsi wiki zake za kwanza zitakavyokuwa, wala hakuna aliyemtarajia arudi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba miezi ya kwanza ya kuzoea ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kwamba anayetoa kifaa bila kuigharamia miezi hiyo ametoa nusu ya tiba.

Shirika la Afya Duniani, katika Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu iliyotolewa Machi 2021, lilikadiria kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma za utengamao kwa sababu usikivu wao umepungua kwa kiwango kinachoyatatiza maisha yao, na kwamba takriban asilimia 80 ya watu hao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba kati ya wote ambao wangefaidika na shimesikio, wanaozitumia ni asilimia 17 tu. Takwimu hii husomwa zaidi kama hoja ya bei, na bei kweli ni kikwazo kikubwa kwa familia ya kawaida. Lakini nchini Uingereza mfumo wa taifa wa huduma za afya umekuwa ukitoa vifaa hivi bila malipo tangu ulipoanzishwa mwaka 1948, na bado watafiti wa huko wameandika kwa miongo mingi kuhusu watu waliopewa kifaa wakakivua na wasikirudie. Hata bei ikiondolewa, linabaki suala la kuzoea.

Ili kuelewa kwa nini kuzoea huchukua muda, inafaa kuanza na kile kilichopotea. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko, iko koklea, mrija uliojizungusha na kujaa majimaji, ambamo zimepangwa seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio, na kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara zinazosafiri kwa neva hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena, ziwe zimeuawa na uzee, na kelele za karakana, au na dawa za sindano kama streptomaisini na kanamaisini zilizotumika kwa muda mrefu kutibu kifua kikuu (kanamaisini iliacha kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu sugu mwaka 2018, baada ya wagonjwa wengi kupona mapafu na kubaki na uziwi). Zinazotangulia kufa mara nyingi ni zile za mwanzoni mwa mrija, ambazo hupokea sauti nyembamba.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa hapotezi sauti zote kwa kadiri moja. Irabu, ambazo zina nguvu zaidi, huendelea kusikika, ilhali konsonanti nyembamba kama s, sh, f na th hufifia, na ndiyo maana wazee wengi hulalamika kwamba wanawasikia watu wakizungumza ila watu wenyewe hawasemi wazi. Katika Kiswahili, ambamo karibu kila silabi huishia kwa irabu, hali hii hupotosha sana, kwa kuwa mkondo wa irabu humfikia msikilizaji na kumfanya aamini kwamba amesikia, hali hana hakika kama alichoambiwa ni saba au shaba, fika au shika. Ipo pia h, pumzi dhaifu ambayo lugha hii imeitwika mzigo wa kukanusha: kati ya atakuja na hatakuja, kati ya ana homa na hana homa, tofauti yote ni pumzi hiyo moja, na ikipotea, mgonjwa hupokea habari iliyo kinyume cha ile aliyopewa na kuishikilia kwa dhati. Magomvi mengi ya nyumbani ambayo familia huyaita usahaulifu au ubishi wa mzee huanzia hapa, na inasikitisha kwamba baadhi ya wazee huishi miaka wakilaumiwa kwa kosa ambalo si lao.

Jamii huilinganisha shimesikio na miwani, na ulinganisho huo ndio unaowaponza wengi. Miwani huelekeza mwanga upya ndani ya jicho ambalo sehemu yake ya kupokea mara nyingi bado ni nzima, hivyo mvaaji huona vizuri papo hapo; shimesikio hupeleka sauti iliyokuzwa kwenye koklea iliyokwisha kupungukiwa na seli, na kutoka hapo kwenye ubongo uliokaa miaka bila kupokea sauti za aina hiyo. Siku ya kwanza mvaaji husikia jokofu likiunguruma, feni ikizunguka, kandambili zikipiga sakafuni, gazeti likikunjuliwa, maji yakimiminwa ndooni na kijiko kikigonga sahani, yote kwa pamoja na yote kwa ukali, kwa sababu ubongo wake umepoteza ule uwezo wa kuzipuuza sauti zisizohitajika. Uwezo huo hurudi, ila hurudi kwa matumizi. Stuart Gatehouse, mtafiti wa usikivu aliyefanya kazi Glasgow, alichapisha mwaka 1992 uchunguzi ulioonyesha kwamba faida ya kifaa katika kutambua maneno huweza kuongezeka kwa wiki kadhaa baada ya kuvaliwa, bila kifaa chenyewe kubadilishwa. Watafiti waliomfuata wamebishana kuhusu ukubwa wa ongezeko hilo, lakini jambo ambalo halina ubishi katika kliniki ni kwamba sauti zinazomkera mvaaji katika wiki ya kwanza huwa hazimkeri tena kwa kiasi hicho baada ya miezi miwili au mitatu ya kuvaa kila siku.

Kila siku ndilo sharti lenyewe. Wapo wataalamu wanaoshauri mgonjwa aanze kwa saa chache katika chumba tulivu na kuongeza kidogokidogo, na wapo wanaotaka avae tangu asubuhi hadi anapolala, na kila upande una sababu zake. Anayepotea kabisa ni yule anayeiweka shimesikio kwa ajili ya harusi, misiba na ibada. Mtu huyo huchagua, pasipo kujua, mazingira magumu kuliko yote, penye vipaza sauti, ngoma, watoto na maongezi ya watu wengi kwa wakati mmoja, kisha huhukumu kifaa kwa saa hizo na kukirudisha kabatini. Vifaa vingi vya siku hizi huhifadhi kumbukumbu ya saa vinazovaliwa, na mtaalamu akiisoma kumbukumbu hiyo mgonjwa anaporudi, hupata njia ya kumuuliza kwa upole ni mahali gani palipomshinda.

Hata hivyo, ni kosa kubwa kumwambia mvaaji avumilie kila kitu, na kosa hilo hufanywa na wataalamu pamoja na jamaa. Mvaaji akisikia sauti yake mwenyewe ikivuma kana kwamba anazungumzia ndani ya pipa, sababu yake ni kwamba mtu anapozungumza mifupa ya fuvu huipeleka sauti yake hadi kwenye mfereji wa sikio, ambako kwa kawaida hutokea nje, na mfereji ukiwa umezibwa sauti hiyo hukosa pa kutokea; dawa yake ni kutoboa tundu dogo la hewa kwenye kiziba cha sikio kilichochongwa kwa kipimo cha mgonjwa, au kuweka kikofia cha silikoni kilicho wazi zaidi pale ambapo kiwango cha upotevu kinaruhusu. Kifaa kikipiga mluzi, maana yake ni kwamba sauti iliyokuzwa inavuja na kurudi kwenye maikrofoni, pengine kwa sababu kiziba hakikai sawasawa, pengine kwa sababu nta imejaa, na pengine kwa sababu hijabu, mtandio au kofia imekibana kifaa. Kidonda, maumivu, na mlango unaobamizwa ukasikika kama kofi, vyote hivyo ni mambo ya kurekebishwa katika kliniki.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu linahusu namna familia zinavyozungumza na wagonjwa wao. Sikio lililopoteza seli za koklea hushindwa kusikia sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulifikia kwa ukubwa uleule unaowafikia wengine, hivyo nafasi iliyopo kati ya kisichosikika na kinachoumiza huwa finyu sana. Shimesikio ya kidijitali hujaribu kuubana ulimwengu wote wa sauti ndani ya nafasi hiyo, kwa kuzikuza sana sauti ndogo na kuzikuza kidogo sauti kubwa, na mipaka hiyo inapaswa kupimwa katika sikio la mgonjwa mwenyewe kwa kijimrija chembamba cha maikrofoni kinachoingizwa karibu na kiwambo, badala ya kuachiwa makadirio ya programu ya mtengenezaji. Jamaa anayepiga kelele karibu na mvaaji humwongezea maumivu na kuyapotosha maneno, wakati mtu anayemkabili usoni penye mwanga, akasema kwa sauti ya kawaida na mwendo wa taratibu, na akabadili maneno pale asipoeleweka badala ya kuyarudia yaleyale, humsaidia kuliko betri mpya.

Suala la sikio moja au mawili nalo huamuliwa kwa bei tu, jambo ambalo halifai. Mwaka 1984 Silman, Gelfand na Silverman walichapisha uchunguzi wa watu waliopoteza usikivu kwa pande zote mbili wakavalishwa kifaa upande mmoja, na baada ya miaka kadhaa uwezo wa kutambua maneno ulikuwa umeshuka katika sikio lililoachwa bila kifaa. Isitoshe, ni kwa masikio mawili ndipo mtu hujua sauti inatoka wapi na humfuata msemaji mmoja barazani penye wasemaji watano, kazi ambayo hata kifaa cha gharama kubwa hakiwezi kumfanyia kikamilifu. Familia yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja cha bei kubwa au viwili vya bei ya wastani, kwa mgonjwa ambaye masikio yake yote yameathirika, ingefanya vyema kumuuliza mtaalamu kuhusu viwili.

Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, adui wa kila siku ni unyevu. Jasho na hewa ya bahari huingia katika mirija na maikrofoni, kwa hiyo kifaa kinapaswa kuvuliwa usiku, kifuniko cha betri kuachwa wazi, na chote kuwekwa katika kopo linalofunga vizuri lenye chembe za silika za kufyonza unyevu. Mwislamu anayetawadha mara tano kwa siku anahitaji kufundishwa kuvua, kukausha sikio na kuvaa tena kwa haraka, pamoja na mahali salama pa kukiweka kifaa karibu na birika, maana mafunzo yanayoishia kwenye onyo la kutokilowesha humwachia mvaaji tatizo bila jibu. Betri za kitufe zinazotumika katika vifaa vingi hufanya kazi kwa hewa: kibandiko chake kikishabanduliwa betri huanza kutumika hata kama haijawekwa kwenye kifaa, hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi, na kukirudisha kibandiko hakuisimamishi. Mgonjwa wa wilayani aliyepewa kifaa na pakiti moja ya betri, huku duka la karibu linaloziuza likiwa mjini, hawezi kulaumiwa kwa kuacha kukivaa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2017 sifa zinazopendekezwa za vifaa vinavyofaa nchi za kipato cha chini na cha kati, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wa namna ya kutoa huduma hii mahali penye upungufu wa wataalamu, likipendekeza kwamba baadhi ya kazi zigawanywe kwa watumishi wasio mabingwa waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Pendekezo hilo linaikabili hali halisi ya ukanda huu, ambako wataalamu wa usikivu ni wachache na wamejikusanya mijini. Muuguzi wa kituo cha afya hahitaji shahada ili atambue nta iliyoziba, mrija uliokakamaa, betri iliyokwisha au kiziba kilichovaliwa kinyume, na hizo ni sababu za kawaida sana za kifaa kunyamaza. Wakati Tanzania inatekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na Kenya ikiendelea kuijenga Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024, wanaopanga vifurushi vya huduma wanapaswa kuandika, kando ya kifaa chenyewe, angalau ziara tatu za ufuatiliaji katika miezi mitatu ya kwanza, betri za mwaka mzima, na gharama ya kubadili kiziba. Wafadhili wanaoleta vifaa kwa maelfu wadaiwe hayohayo kabla ya kuruhusiwa kufungua kambi, pamoja na jina la kituo ambacho kila mgonjwa atarudi wiki ya pili.