Tusizifute Zana za Kuundia Programu

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Leo nimeshika kalamu kuhusu jambo lililozua ubishi mkali katika Chama cha Kompyuta, ambacho wengi wetu wa Chama cha Kiswahili tumo pia. Tarakilishi 10 za maabara zitawekewa mfumo mpya uitwao Ubuntu Studio. Mfumo huu ulitolewa mara ya kwanza mwaka wa 2007, haulipiwi hata senti, na umetengenezwa mahususi kwa watu wa sauti, picha na video. Ndani yake mna Audacity ya kurekodi sauti, Kdenlive ya kuhariri video, GIMP ya picha na Blender ya katuni. Je, zana za kuundia programu nazo ziwekwe au zitolewe?

Kambi ya kwanza inataka zitolewe zote. Ati hizi ni mashine za filamu, na diski ni ndogo. Kambi ya pili inataka kila kitu, hata Android Studio, ambayo inahitaji angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu ilhali mashine zetu zina 4. Hiyo ni kumbebesha punda mzigo wa lori! Mimi siungi mkono kambi yoyote.

Nianze na hao wa kufuta. Python ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka wa 1991 na Guido van Rossum. Sehemu nyingi za Ubuntu zinaitegemea, na ukiing'oa utabaki na mfumo mgonjwa. Isitoshe, Blender ina Python tumboni mwake, Audacity ina lugha iitwayo Nyquist, na GIMP ina Script-Fu. Kwa hivyo ule mpaka wanaouchora kati ya filamu na kodi (si ile ya serikali, jamani!) haupo. Waliounda programu hizi walijua kwamba msanii huchoka kubofya kitu kilekile mara mia.

Tuchukue mfano unaotuhusu. Tuseme chama chetu kimetengeneza filamu, nasi tunataka maandishi ya Kiswahili yapite chini ya picha. Maandishi hayo huwekwa katika faili ya aina ya SRT, ambayo haina miujiza: namba, wakati wa kuanza na kumaliza, kisha sentensi. Mistari michache ya Python yaweza kupitia sentensi 300 na kutuonyesha zile ndefu ambazo zinakaa kwenye skrini sekunde moja tu, kabla mtu hajamaliza kuzisoma. Kuzisaka kwa macho ni kazi ya jioni nzima, na sisi wa kutwa hatuna jioni. Lango likifungwa tumeachana na tarakilishi mpaka kesho, maana wengi wetu nyumbani hakuna.

Hapo ndipo penye uzito. Wenzetu husema, "Si mtu atapakua tu akihitaji?" Atapakua kwa bando ya nani? Maabara haina intaneti. Mwalimu mlezi atapakua kila kitu kwa mkupuo mmoja wakati wa likizo na kukileta kwenye flashi. Kitakachosahaulika, kwetu ni kama hakijaumbwa.

Basi tuchague zana ambayo mashine ya gigabaiti 4 itaiweza, ije na maelezo yake, na imwonyeshe mwanafunzi matokeo kabla dakika 40 za kipindi hazijaisha. Python iongezewe furushi la python3-doc, ili mwongozo wake usomeke bila intaneti. Kisha iwekwe Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990. Hapa huandiki mistari. Unaunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini. Chukua kisanduku cha wimbi, kipe namba 440, kiunganishe na kile cha spika, washa DSP, nawe utasikia noti ambayo wanakwaya huiita la. Geuza iwe 880, utasikia la ileile, ila oktava moja juu. Mawimbi tuliyoyachora kwenye daftari za Fizikia muhula mzima, leo unayasikia kwa masikio! Ukikwama, bofya kisanduku kwa kitufe cha kulia, chagua Help, na maelezo yatafunguka papo hapo.

C++ je? Naiheshimu, na Kdenlive yenyewe imeandikwa kwa lugha hiyo. Lakini anayeanza atamaliza kipindi chote akitafuta nukta-mkato iliyopotea. Ikipata nafasi, sawa. Ikikosa, mimi sitalia.

Orodha ya zana za kupakuliwa imebandikwa kwenye mlango wa maabara. Nilipoitazama mara ya mwisho, Pure Data na python3-doc hazikuwamo, na nafasi zilizobaki zilikuwa nne. Kalamu imefungwa kwa uzi hapo hapo.