Utetezi wa Riwaya za Kutisha

Wako wasomi wasemao kwamba riwaya ya kutisha ni chakula cha watoto na wavivu wa fikira, na kwamba mtu mzima aonekanaye na kitabu cha mizuka yafaa akifiche chini ya mto. Mimi ni mmoja wa waliokificha. Katika ujana wangu mwalimu mmoja aliniondolea kitabu mkononi, akaniamuru nisome kitu chenye maana. Kitabu chenyewe kilikuwa Frankenstein. Siku ile sikumjibu, leo namjibu.

Mary Shelley alianza kukitunga mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, kikatoka 1818 bila ya jina lake. Kisa ni cha mwanachuo aliyeumba kiumbe, akachukizwa na sura yake, akakikimbia. Kiumbe kile hakikuanza kwa kuua; kilianza kwa kutaka kupendwa. Je, hizo ni porojo? Hiyo ni hukumu juu ya kila mwenye elimu azaaye jambo kisha akakataa kulilea. Kama kiko kitabu kistahilicho kusomwa chuoni kwa kutetemeka, ndicho hicho.

Lakini iko hoja moja nzito, wala siipuuzi. Husemwa kwamba nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa sababu ya wekundu wa macho yao, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo, haihitaji hadithi za wachawi. Nauliza: ni muuaji gani wa namna hiyo aliyetoka maktabani? Imani iuayo hailelewi na vitabu. Hulelewa na minong'ono, penye giza, pasipo mtu wa kuuliza swali. Riwaya hufanya kinyume: huitoa hofu nje, ikaiweka juu ya meza, tukaitazama uso kwa uso.

Muhammad Said Abdulla alilijua jambo hilo. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapwa 1960, kwanza hututia hofu ya mahali penye mzimu. Kisha Bwana Msa hutuonyesha mkono wa binadamu nyuma ya hofu ile. Katika Mirathi ya Hatari (1977), C. G. Mung'ong'o alimkabidhi kijana aliyesoma uchawi wa baba yake, tukaona kwamba shule peke yake haimwokoi mtu na urithi wa nyumbani. Na katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed alimleta mzuka kumsuta mjukuu mwenye cheo. Ni mhubiri gani angaliingia katika nyumba ile?

Sisemi kwamba kila kitabu cha kutisha ni chema. Viko vimwagavyo damu tu, kama viko vitabu vya mapenzi vimwagavyo machozi tu. Lakini hatukuyafukuza mapenzi katika fasihi kwa sababu ya watungaji wabaya.

Basi nawaomba walimu wa fasihi waache kuiona haya hofu. Asiyefundishwa kuichunguza hofu yake atatawaliwa nayo, na siku moja atakuja mtu kumnong'oneza jina la kikongwe wa jirani, naye atasadiki.