UCHAMBUZI: Kwa nini wanandoa wa Nairobi huiruka Lamu na kutua Unguja

Msimu wa likizo unapokaribia, iwe Pasaka, Agosti au Desemba, mawakala wa safari katikati ya jiji la Nairobi huwa na shughuli tele. Wateja wao wengi si wazungu tena. Ni wanandoa wachanga wenye mishahara ya kadiri kutoka Westlands, Kileleshwa na Lavington, na hata Kangemi na Uthiru, wanaotaka siku nne au tano za kupumzika ufuoni, nauli na malazi vikijumuishwa katika bei moja inayolipwa kidogo kidogo kwa simu.

Linaloshangaza ni kwamba wateja hao wanapotaja kisiwa, aghalabu huwa na maana ya Unguja, iliyo katika nchi jirani, wala si Lamu iliyo yao wenyewe.

Si kwamba Lamu imepungukiwa na kitu. Mji Mkongwe wa Unguja uliorodheshwa na Unesco kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2000, na ule wa Lamu ukafuata 2001. Milango ya nakshi ipo kote, vichochoro vipo kote, na ufuo wa Shela hauna msongamano. Hata hivyo, mwaka wa 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000 kutoka nje, idadi ambayo Lamu haijapata kuiota.

Chanzo cha tofauti hii hakiwezi kutajwa bila kurejea Septemba 2011. Wanandoa wawili kutoka Uingereza, ambao ndio waliokuwa wageni pekee katika hoteli moja inayotazamana na kisiwa cha Kiwayu, walivamiwa usiku. Mume aliuawa, mke akatekwa na kupelekwa Somalia, akaachiliwa Machi 2012. Wiki chache baada ya uvamizi huo, raia wa Ufaransa alitekwa katika kisiwa cha Manda na kufia mikononi mwa watekaji. Mwezi uo huo wa Oktoba 2011, jeshi la Kenya liliingia Somalia.

Kisa cha Kiwayu kilikuwa na mwathiriwa mwingine asiyezungumziwa sana. Mkazi mmoja wa eneo hilo, aliyewahi kufanya kazi katika hoteli hiyo, alihukumiwa kifo mwaka wa 2013 kwa kuhusishwa na uvamizi huo. Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo mwaka wa 2023, baada ya yeye kukaa kizuizini zaidi ya miaka kumi.

Kisha ikaja Juni 2014, wavamizi walipoua makumi ya watu Mpeketoni. Serikali ikatangaza kafyu ya usiku kwa kaunti nzima. Wavuvi wa Lamu, ambao riziki yao hutegemea usiku, wakalala njaa kwa kosa lisilokuwa lao.

Hapa ndipo pana kiini cha tatizo, nacho ni jina. Mpeketoni iko bara, si kisiwani. Basuba na Kiunga ziko mbali kaskazini, kuelekea mpaka wa Somalia. Lakini bomu likilipuka katika msitu wa Boni, vichwa vya habari husema "Lamu", kwa kuwa ndilo jina fupi na ndilo jina la kaunti. Msomaji wa Lavington, akiwa na tiketi mbili akilini, haulizi ni wapi hasa. Huwaza kisiwa, naye huahirisha safari. Wenyeji wenyewe huuita mji wao Amu. Huenda kaunti ingepewa jina jingine, madhara yangekuwa madogo.

Cha ajabu, serikali ya Uingereza, ambayo Wakenya waliilaumu vikali mnamo Mei 2014 ilipowaonya raia wake na kampuni ya Thomson ikawaondoa watalii wake Mombasa, imekuwa ikivitenga visiwa vya Lamu na Manda na onyo lake kuhusu kaunti hiyo. Mgeni wa London basi ana maelezo sahihi zaidi kuliko mwenyeji wa Kileleshwa. Hili ni jambo la aibu kwa wanaosimamia utalii na usalama hapa nchini.

Aidha, Zanzibar nayo haikosi yake. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliandamana na ghasia Tanzania, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Lakini jina la Zanzibar halikuchafuka kwa kiwango hicho, pengine kwa sababu ghasia hizo zilihusishwa na Dar es Salaam na miji mingine ya bara. Lamu haijapata bahati ya kutenganishwa hivyo na bara lake.

Kwa miaka mingi, mtalii wa ndani amechukuliwa kama tairi ya akiba, linalotolewa tu lile la kutoka Ulaya linapopasuka. Ndivyo ilivyokuwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na baada ya matukio ya 2014. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka wa 2020, safari za ndege za ndani ziliporejea Julai 15, wiki mbili kabla ya zile za kimataifa. Matangazo ya kumbembeleza Mkenya atembee kwao hujaa wakati wa dhiki, halafu hunyamaza.

Matokeo yake yamo katika hesabu za wanandoa wenyewe. Gari-moshi la SGR, lililozinduliwa Mei 31, 2017, huwafikisha Mombasa kwa Sh1,500 kila mmoja katika daraja la kawaida tangu Januari 2024, kutoka Sh1,000 za awali. Lakini Mombasa si Lamu. Bado kuna safari ya basi ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Malindi, Garsen na Witu, kwenye barabara ambayo kwa miaka mingi mabasi yamesindikizwa na polisi, kisha mashua kutoka Mokowe. Likizo ya siku nne haitoshi kwa mwendo huo.

Inabaki ndege ya kutoka Wilson, na baada yake chumba Shela, ambako baadhi ya nyumba za wageni bado hutangaza bei zao kwa dola.