Asali, kimea na sheria: Mkulima wa Wema anavyobebeshwa kosa la chang'aa

KILA wananchi wanapofariki kwa kunywa pombe yenye sumu, amri hutoka Nairobi na msako huanza vijijini. Mitungi hupasuliwa, pombe humwagwa na akina mama hufikishwa kortini. Msako huo haubagui. Chang'aa, busaa, muratina na pombe ya asali, zote huitwa "pombe haramu".

Kwa wakazi wa Wema, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana katika eneo la Garsen, jambo hili si dogo. Kilimo chao cha mpunga, mahindi, ndizi na maembe kimo bondeni. Mto ulipofurika mwaka 2018, na tena katika mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, mazao ya bonde hilo yalisombwa na familia nyingi zikahama. Mzinga uliotundikwa juu ya mti hausombwi kwa urahisi hivyo. Asali basi ni akiba ya mwaka mbaya, na kuichachusha ni njia mojawapo ya kuiongezea thamani.

Utengenezaji wenyewe ni wa kale. Mtama, wimbi au mahindi hulowekwa, huachwa yachipue, hukaushwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea huchanganywa na maji ya uvuguvugu na asali, kisha chombo huwekwa penye joto kwa siku kadhaa. Kimea hugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, nayo chachu hula sukari hiyo pamoja na ile ya asali. Hivyo pombe hii huweza kuwa kali kuliko busaa, na anayeibugia kama uji hujuta kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, ukali si sumu. Kilichowaua makumi ya Wakenya mwezi Mei 2014, katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu, Makueni na Kiambu, ni methanoli, kemikali ya viwandani iliyotiwa katika pombe kali. Mwezi Februari 2024, watu 17 walifariki Kirinyaga, na Serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe iliyowaua ilitoka katika vielelezo vilivyokuwa vikihifadhiwa kituoni mwa polisi. Asali na nafaka zikichachushwa bila kukenekwa hazitoi methanoli ya kiasi cha kuua. Sumu hiyo hutiwa na mfanyabiashara mwenye haraka ya faida.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 ilifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa, ikaziweka pombe zote chini ya masharti mamoja: leseni, kifungashio kisichopungua mililita 250 na maandishi ya maonyo ya afya. Kwa kiwanda, hayo ni mambo ya kawaida. Kwa mama mwenye mtungi mmoja na kata, ni marufuku kwa jina jingine.

Tanzania ilichagua njia tofauti mapema. Sheria ya 1966 ilishughulikia pombe ya moshi, yaani gongo, na ile ya Vileo ya 1968 ikaruhusu pombe za kienyeji kuuzwa vilabuni kwa leseni. Nchini Ethiopia, pombe ya asali iitwayo tej huuzwa hadharani katika nyumba zake maalumu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Delta ya Tana ina Waislamu wengi, Waorma na Wapokomo, ambao kwao kileo ni haramu kiwe na leseni au kisiwe nayo. Aidha, pombe safi nayo huvunja nyumba na kumaliza karo. Hayo yanadai masharti kuhusu mahali pa kuuzia, saa na umri wa mnywaji, si kumshtaki mwenye mzinga kama mtia methanoli.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo. Kwa hiyo ombi la leseni ndogo ya pombe ya kuchachushwa, yenye ada nafuu na ukaguzi wa afisa wa afya, linaweza kuanzia Hola, yaliko makao makuu ya kaunti, bila kusubiri Nairobi. Sharti la kifungashio, lililomo katika sheria ya taifa, litabaki mikononi mwa Bunge.