Kabla ya Kortini, Twendeni Shambani

Ndugu zangu wa Rumonge, Makamba na Nyanza-Lac, nanyi mliorudi kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mtabila kule Tanzania, leo naomba tuzungumzie mashamba.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, wa amani ya Burundi yetu, ulisema wazi kwamba mkimbizi akirudi apate mali yake, na ikishindikana alipwe fidia. Vita vilikwisha, ugomvi ukahamia kwenye michikichi. Aliyekimbia mauaji ya 1972 anarudi na watoto waliozaliwa Tanzania, anakuta mwenzake amelima, amejenga na kuzika wazazi wake palepale. Na huyu wa pili mara nyingi hakupora: alipewa na serikali, au alinunua kwa jasho lake. Mimi hapo simwoni mwizi. Nawaona watu wawili walioonewa.

Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilianza kwa kuwahimiza wagawane. Baada ya 2011 ikaelekea kumrudishia wa kwanza shamba zima, na aliyekuwepo akajikuta hana pa kwenda katika kilima alichozoea. Kugawana kunawauma wote wawili, lakini hakuna anayefukuzwa.

Basi kabla ya kufungua kesi, nendeni shambani pamoja. Waiteni bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, na msiwaache akina mama, maana wao ndio wanaoshika jembe kila siku na wanajua mpaka ulipita wapi. Mkishakubaliana, pandeni minyaa kwenye mstari huohuo, kisha muandike. Karatasi itaje majirani wa pande zote, wake waandikwe pamoja na waume, kila mmoja atie dole gumba na abaki na nakala yake, nyingine ipelekwe komini. Mapatano ya mdomo hufa na mashahidi wake, halafu wajukuu wanaanza upya.

Tena, jamani, hawa watoto wanaojua Kiswahili kuliko Kirundi msiwaite wageni. Kilima hiki ni chao pia.

Nanyi mnaoona kugawana ni kugumu, kumbukeni Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 wanafunzi wa seminari ya huko waliamriwa na wavamizi wenye silaha wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 wakauawa. Sisi hatuombwi roho zetu. Tunaombwa hatua kadhaa za shamba.

Mvua za kupandia huanza Septemba. Mtafuteni jirani wiki hii, mpaka upimwe kabla majembe hayajaingia.