UCHAMBUZI: Uchovu na soga kwenye usukani zisisingiziwe kudra

KILA ajali mbaya inapotokea nchini, kauli ya kwanza kusikika ni kuwa ajali haina kinga. Kauli hiyo huwaliwaza wafiwa, lakini pia huwapa mwanya wa kujinasua wale ambao wangeweza kuizuia.

Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 waliangamia Migaa, karibu na Salgaa, basi lilipogongana na lori. Oktoba 2018, wengine zaidi ya 50 walifariki Fort Ternan, Kaunti ya Kericho. Mikasa yote miwili ilitokea kabla ya mapambazuko. Si kila ajali ya usiku huletwa na usingizi, ila hizo ndizo saa ambapo mwili huudai usingizi kwa nguvu zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 nchini Australia ulionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Polisi wa trafiki wana kifaa cha kupima ulevi. Cha kupima uchovu hawana.

Madereva wengi huufukuza usingizi kwa mazungumzo. Abiria aliye kando ya dereva huiona barabara, na aghalabu hunyamaza hatari inapojitokeza. Anayezungumza naye kwa simu haoni lolote, huendelea kudai majibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema atumiaye simu akiendesha gari yumo katika hatari ya ajali takriban mara nne zaidi, na kutoishika mkononi hakumpunguzii hatari hiyo sana. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, sekunde nne za kuzubaa ni karibu mita 90 za barabara.

Sheria ipo. Kanuni za 2014 zinamzuia dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24, na faini ya kutumia simu ni Sh2,000. Lakini dereva anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni hawezi kujipa likizo ya kulala.

Hivyo basi, msako unaomkamata dereva pekee na kumwacha mwenye gari ni nusu ya kazi. Rekodi za saa za kazi zikaguliwe vituoni kabla ya basi kung'oa nanga. Dawa ya usingizi ni kulala, wala si soga.