Tusiuze Udongo Tukanunua Sumaku

Wako wenzetu wanaodhani kwamba siasa ni mikutano na kura tu, na kwamba habari za chembe ndogo ndogo za chuma ni kazi ya walimu wa sekondari. Sisi hatukubaliani nao. Leo twataka kusema juu ya sumaku, tena sumaku zilizo ndogo hata jicho haliwezi kuziona, kwa kuwa tunaamini kwamba katika jambo hilo umo uhuru au unyonge wa watoto wetu.

Wazee wetu wanakumbuka habari ya katani. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, kupita nchi yoyote duniani. Jasho lilikuwa la manamba wa Tanga na Morogoro, lakini sehemu kubwa ya kamba ilisokotwa ng'ambo na faida ya kusokota ilibaki huko huko. Kisha ikaja kamba ya kutengenezwa viwandani, bei ya katani ikaanguka, nasi hatukuwa na la kusema. Kazi tuliyoachiwa ilikuwa kukata majani; kazi ya kuyageuza ilikuwa ya wengine. Je, twataka kuirudia habari hiyo kwa madini yetu?

Kwanza tuelewane juu ya sumaku yenyewe. Imo ndani ya spika ya redio, ndani ya dinamo ya baisikeli, ndani ya simu aliyo nayo kila kijana mfukoni. Katika kipande kikubwa cha chuma mna mitaa midogo midogo isiyoonekana. Ndani ya kila mtaa nguvu zote zimeelekea upande mmoja, lakini mtaa huu unaelekea mashariki, ule magharibi, na wa tatu kusini. Nguvu zao zinavunjana, na ndiyo sababu msumari wa dukani hauvuti kitu.

Mabingwa wa sayansi wameona kwamba ukizidi kukipunguza kipande hicho mpaka kikafika makumi machache ya nanomita, mitaa hiyo inakwisha na inabaki chembe yenye mwelekeo mmoja tu. Nanomita ni nini? Chukua milimita moja uigawe mafungu milioni moja; fungu moja ndilo nanomita. Unywele wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi. Tena chembe za magnetaiti, yaani madini meusi ya chuma, zikiwa chini ya nanomita 20 hivi, hutikiswa na joto la kawaida hata zisiweze kushika mwelekeo. Ukizisogezea sumaku zinatii mara moja, ukiiondoa zinasahau. Chuma kikubwa hakina tabia hiyo. Basi aliyejua kuzitengeneza chembe hizi kwa kipimo anachokitaka ameshika mali ambayo mwenye mlima mzima wa chuma hana.

Tazameni walivyoitumia elimu hiyo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya kuweka habari katika diski za sumaku. Ilikuwa na diski 50, uzito wake ulikaribia tani moja, na iliweza kushika herufi milioni 5 tu. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja na wenzake, walipanga tabaka za chuma na kromiamu, kromiamu ikiwa na unene wa kama nanomita moja. Wakaona kwamba sumaku ikisogezwa, umeme hupita kwa wepesi ambao hawakuutazamia. Mwaka 1997 IBM ikaitia elimu hiyo katika visomeo vya diski, na mwaka 2007 mabwana hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo diski moja ya kubebwa kwa mkono hushika terabaiti 30, yaani mara milioni 6 ya ile ya 1956. Na kwa miaka mingi utando wa diski hizo umetengenezwa kwa chembe za kobalti, kromiamu na platinamu, kila chembe ikiwa na upana wa nanomita 8 hivi. Kobalti hiyo yatoka wapi? Sehemu iliyo kubwa kabisa ya kobalti ya dunia huchimbwa kwa ndugu zetu wa Kongo, katika nchi ya Kolwezi, ambako watu wanasema Kiswahili kama sisi.

Kadhalika sumaku za nguvu. Katika miaka ya 1983 na 1984 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, bila kushirikiana, walitangaza sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, iliyozishinda nyingine zote. Njia ya Croat ilikuwa kumimina madini yaliyoyeyuka juu ya gurudumu lizungukalo kwa kasi, yakagandishwa papo hapo, na ndani yake yakawa chembe za makumi ya nanomita tu. Sumaku za namna hii ndizo zinazozungusha mota za magari ya umeme, na ndizo zilizomo katika spika za simu zetu. Neodimiamu ni mojawapo ya yale yaitwayo madini adimu.

Sasa nani anazitengeneza? Zaidi ya 90 kwa mia ya sumaku hizi hutengenezwa China. Wachina hawakupata hayo kwa bahati ya kuwa na udongo mzuri. Walijifunza kutenga madini, wakajifunza kuyayeyusha, wakajifunza kuunda sumaku. Mwaka 1995 watu wao wakashiriki kuinunua kampuni ya Magnequench, iliyozaliwa na General Motors kwa ajili ya sumaku za Croat, na baadaye kiwanda kikahamia kwao. Mwezi wa Aprili 2025 Serikali ya China ilipoamuru kwamba aina saba za madini adimu na sumaku zake zisitoke bila kibali, haukupita muda mrefu kelele zikasikika Ulaya, Japani na Marekani. Mwezi uliofuata kampuni ya Ford ilisimamisha kiwanda chake cha Chicago kwa wiki moja kwa kukosa sumaku. Ikiwa matajiri wanatetemeka hivyo, sisi wanyonge tujiulize tumesimama wapi.

Sisi tumesimama juu ya mali. Chuma tunacho Liganga, katika Wilaya ya Ludewa. Nikeli tunayo Kabanga, katika Wilaya ya Ngara. Kobalti iko Kongo. Madini adimu yako Ngualla, Mkoa wa Songwe. Yako Gakara, Burundi. Na yako Mrima, Kwale, kwa ndugu zetu wa Kenya. Karibu kila kitu kiingiacho katika sumaku kimo katika ardhi ya Afrika Mashariki na Kongo. Kisichokuwamo ni ustadi wa kukigeuza.

Tazameni yaliyowapata Warundi. Mwaka 2017 madini ya Gakara yalianza tena kupelekwa ng'ambo, yakiwa bado hayajatengwa. Mwaka 2021 Serikali ya Burundi ikayazuia, ikisema nchi haipati bei ya haki. Tunawapa heko kwa ujasiri wao. Lakini ujasiri peke yake hauyageuzi madini kuwa sumaku. Madini yasiyo na mtu wa kuyatenga nyumbani hungoja mnunuzi, na mnunuzi anajua kwamba yanamngoja.

Kwetu Tanzania mwaka 2017 tulipitisha sheria za kulinda mali ya asili, na makinikia yakazuiwa. Lilikuwa jambo jema. Tarehe 17 Aprili 2023 Serikali ilitia sahihi mkataba wa Ngualla na kampuni ya Australia iitwayo Peak Rare Earths, na Taifa likapata 16 kwa mia ya hisa. Hilo pia ni hatua kupita zile mikataba za zamani tulizoandikiwa na wakubwa. Lakini mwaka ule ule kampuni ilikubaliana kuyauza madini hayo, yakisha kusafishwa kiasi, kwa kampuni ya Shenghe ya China. Na mwaka 2025 Shenghe ikaleta posa ya kuinunua kampuni yenyewe. Hatuwalaumu Wachina wala Waaustralia. Mfanya biashara hufuata faida yake. Twajilaumu sisi tunaokaa tukihesabu kwa mia ngapi tutapata katika udongo, tusiulize kwa mia ngapi tutapata katika elimu.

Wako watakaosema: "Hayo ni mambo ya nchi tajiri. Mtoto hana dawati, ninyi mnasema habari za nanomita!" Jawabu letu ni hili. Chembe za magnetaiti za nanomita chache hutengenezwa kwa kuchanganya majini chumvi za chuma za aina mbili, kisha kutia amonia. Maji yanageuka meusi, na kazi imekwisha. Ugumu uko katika kuzipima, kuzifanya zilingane, na kuzivika vazi la kuzifaa kazi. Hiyo ni kazi ya akili na subira, na akili haikugawiwa kwa rangi wala kwa utajiri.

Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, mataifa yaligombea dawa za kupimia. Katika mji wa Trondheim, Norway, walimu wa chuo kikuu hawakungoja meli. Walitengeneza chembe zao wenyewe za madini ya chuma, wakazivika silika, zikawa zinanasa mbegu ya kirusi na kuvutwa kwa sumaku. Hospitali za nchi yao zikapima kwa chembe hizo, na nyingine zikauzwa nje. Chuo kimoja katika mji mmoja kiliiokoa nchi kwa sababu kabla ya shida kilikuwa na watu waliokwisha kujifunza. Sisi mwaka ule tulinunua kila kitu.

Tutazame pia maji. Katika mitelemko ya Meru watoto wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyozidi katika maji, na wengine mifupa yao imepinda. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walitumia chembe za magnetaiti za nanomita 12 kuondoa sumu ya aseniki majini, kisha wakazivuta chembe zote kwa sumaku isiyo na nguvu nyingi. Floraidi si aseniki, wala hatusemi dawa yake imekwisha kupatikana kwa njia hii. Twasema kwamba swali hilo ni letu, na hakuna mtu wa Texas atakayelala macho kwa ajili ya meno ya mtoto wa Arumeru. Chuo cha Nelson Mandela kiko Arusha, karibu na visima vyenyewe. Kipeni vyombo na vijana.

Wala tusidanganyane kwamba njia ni tambarare. Kutenga madini adimu kunahitaji asidi nyingi, na mabaki yake mara nyingi yana thoriamu yenye mionzi. Huko Baotou, China, wakulima waliokaa karibu na ziwa la mabaki wameona mashamba yao yakiharibika. Anayetaka kiwanda Songwe bila wanakemia wa kukilinda anawatakia wakulima wa Songwe ubaya. Hii ni sababu nyingine ya kutanguliza elimu.

Basi twataka nini? Twataka, kwanza, kila mkataba wa madini haya uandikwe ndani yake vijana wangapi watafundishwa kutenga madini na kuunda sumaku, na kwa tarehe gani; na hesabu hiyo isomwe hadharani kila mwaka, kama inavyosomwa hesabu ya mrabaha. Pili, vyombo vikubwa vya kuzionea chembe hizi ni ghali, na hakuna haja kila nchi kununua chake. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwenye kobalti, mwenye neodimiamu, mwenye chuma na mwenye nikeli sasa wako nyumba moja. Wakielekea kila mmoja upande wake, watakuwa kama ile mitaa ndani ya msumari. Jumuiya iwe na maabara moja kubwa ya vyuo vyote. Tatu, matawi ya Chama yaangalie shule zilizo karibu nayo. Iko shule ya sekondari ambayo mwanafunzi amemaliza kidato cha nne bila kuishika sumaku mkononi. Sumaku na unga wa chuma ni bei ya soda chache. Tawi lisiloweza hilo linaweza nini?

Msiseme jambo hili si la Chama. Mwezi wa Oktoba 1961, Tanganyika ilipokuwa haijafikia hata siku yake ya uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi wasiotimia 15. Hakikuwa na jengo. TANU ndiyo iliyokipa nafasi katika jengo lake la Mtaa wa Lumumba, lililojengwa kwa michango ya wanachama. Kilianza kwa sheria, kwa kuwa taifa changa lilihitaji wanasheria wa kusoma mikataba ya wakoloni. Waliochanga hawakuuliza sheria itawapa nini wao. Walijua haja ya wakati wao.

Haja ya wakati wetu ni mtu awezaye kuchukua udongo wa Ngualla na kuutoa upande wa pili ukiwa sumaku. Siku atakapokuwapo, mnunuzi atakuja kwetu kwa adabu. Mpaka siku hiyo tutakuwa manamba wa katani mpya.

Uhuru na Kazi!